Nani Amekufa?

Nimekuwa kimya majuma mawili na ushee. Sikuumwa, wala sikufukuzwa kazi kama baadhi yenu mlivyoanza kuuliza. Nilikuwa likizo nyumbani Ikuti, wilayani Rungwe, kule ambako ukianika shuka asubuhi inabidi uwe mtu wa imani. Vilima vya Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku zile nilipokuwepo nahisi sehemu kubwa ya hizo milimita ilinyesha juu ya kichwa changu.

Nawaambia haya kwa sababu nilikuwa nakimbia. Ndiyo, mimi. Kazi ya uandishi ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kula chipsi mayai saa nne za usiku ukimsubiri mhariri, na mwaka jana suruali zangu zilianza kunikataa moja baada ya nyingine. Nikajiunga na vijana wa joging mtaani kwetu Dar es Salaam, tunakimbia Jumamosi alfajiri kabla daladala hazijatuchukulia barabara. Basi nilipokwenda likizo nikabeba raba zangu, nikajisemea mazoezi hayana likizo.

Asubuhi ya kwanza nikatoka saa kumi na mbili, ukungu bado umelala bondeni. Nikateremka njia ya migombani, nikavuka kijito kwenye daraja la magogo, nikaanza kupanda upande wa pili. Juu kabisa alikuwa amesimama mzee mmoja, jirani yetu, ana koti la mvua na jembe begani. Aliponiona napanda mbio akaweka jembe chini. Nilipomfikia nikasimama kumsalimu kama inavyopasa: "Mugonile, tata." Hakuitikia. Alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, babu, nafanya mazoezi tu. Akanitazama usoni, akatazama viatu, akatazama njia niliyotoka kana kwamba kuna mtu ananifukuza. Kisha akasema, "Mwanangu, mtu mzima hakimbii bure." Akachukua jembe lake akaondoka. Nadhani alikuwa amekasirika kidogo, na sasa naelewa kwa nini. Nilikuwa nimemtisha mzee wa watu asubuhi asubuhi.

Sentensi ile haikunitoka kichwani. Mtu mzima hakimbii bure. Jioni nikamfuata kwake na kilo moja ya sukari kumwomba radhi, na tukazungumza mpaka giza likaingia. Sehemu kubwa ya haya ninayoandika leo ilianzia pale, juu ya kigoda, karibu na moto wa kuni mbichi. Mengine nimeyatafuta vitabuni baadaye.

Lakini kwanza niwaeleze jambo lililonifanya nijali njia zenyewe. Rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani yuko Uingereza kwa shahada ya pili, naye pia amepata ugonjwa huu wa kukimbia. Anaishi kijijini, nje ya mji, na hunitumia picha za njia zake. Mfereji wa maji umetulia kama kioo, kando yake njia nyembamba ya changarawe, bata, malisho ya kondoo. Nikamuuliza, nani aliwatengenezea wakimbiaji njia nzuri namna ile? Akacheka. Ile njia haikutengenezwa kwa ajili ya wakimbiaji, wala kwa ajili ya binadamu. Ilitengenezwa kwa ajili ya farasi. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, wa kupeleka makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley hadi Manchester, na baada ya hapo Uingereza nzima ikashikwa na homa ya kuchimba mifereji. Mashua hazikuwa na injini. Farasi alitembea kando ya maji akivuta kamba, mashua ikimfuata nyuma. Reli ilipokuja biashara ya mifereji ikafifia, farasi wakaondoka, njia ikabaki. Leo anapita mwanafunzi wa Kitanzania amevaa kaptula.

Nikajiuliza: na njia yangu ya Ikuti je? Ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Mifereji ya mashua hatuna. Makaa ya mawe tunayo, mgodi wa Kiwira si wa kusimuliwa, lakini Mto Kiwira huku juu haubebi mashua, unabeba mawe. Mtu asiyeamini aende Daraja la Mungu akaone jinsi maji yanavyopita chini ya tao la mwamba wa volkano kwa kelele, au aende pale Kijungu maji yanapozama kama yanamiminwa kwenye chungu. Siku moja nilipanda bodaboda mpaka pale darajani ili nikimbie kutoka hapo. Nilikimbia dakika kumi, kilima kikanishinda, nikatembea kwa heshima zangu. Huku kwetu usafirishaji wote ulifanyika kwa miguu ya watu. Farasi alikuwa binadamu.

Tuanze na njia kongwe kabisa, zile ndogo zinazopita migombani kutoka nyumba hadi nyumba. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na utaratibu ambao uliwashangaza sana wasomi wa nje. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, mbali kidogo na wazazi. Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe katika miaka ya 1930 wakichunguza jambo hilo, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu chake maarufu kuhusu vijiji vya marika, Good Company. Kinachonifurahisha mimi ni jambo dogo. Wavulana walilala kwao, lakini chakula walikula kwa mama zao, tena kwa makundi. Leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hebu piga picha: vijana kumi na mbili wenye njaa wanateremka kilima kuelekea moshi wa jikoni kwa mama fulani. Utaniambia walitembea polepole? Mzee wangu alicheka niliposema hivyo. Akasema baba yake alimweleza kwamba wa mwisho kufika alikuta mbalaga imebaki harufu.

Kwa hiyo njia za kwanza za mbio Ikuti zilichorwa na njaa. Zimepinda kufuata nyumba za akina mama, ndiyo maana hadi leo mgeni akikimbia huku anajikuta uani kwa watu kila baada ya dakika tano, mbwa wanamsindikiza.

Wageni kutoka Ulaya walianza kupita pande hizi katika miaka ya 1870. Anayenivutia ni Joseph Thomson, Mskoti aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879. Kiongozi wa msafara, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani, na Thomson akabaki na msafara mzima akiwa na umri wa miaka 21. Mimi katika umri huo nilikuwa nashindwa kuongoza kikundi cha semina. Lakini vitabu vingi vikimsifu Thomson vinamsahau aliyekuwa mkuu wa wapagazi wake, James Chuma, yule yule aliyeshirikiana na Abdullah Susi kuupeleka mwili wa Livingstone hadi pwani. Chuma ndiye aliyejua namna ya kuwafanya watu zaidi ya mia moja waamke, wajitwike na waende. Thomson aliandika kwa kuvutiwa sana na migomba ya Wanyakyusa na vijiji vyao vilivyofagiwa. Aliyebeba mzigo wa karibu kilo 30 kichwani kwenye utelezi wa udongo wetu hakuandika kitu, na naamini asingeandika mambo ya migomba.

Mwaka 1891 wakaja wamisionari, Wamoravian wakaanzisha kituo chao Rungwe chini ya mlima, na Waberlini wakiongozwa na Alexander Merensky wakakaa upande mwingine wa nchi hiyo hiyo. Baadaye kidogo ikaja serikali ya Wajerumani. Boma lao la kwanza lilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakaliita Langenburg. Kisha wakahamia kwenye baridi, kwenye vilima, wakapaita Langenburg Mpya. Ndiyo hiyo Tukuyu yenu.

Na hapa ndipo mbio zinaanza kuwa kazi.

Kuna neno tunalitumia kila siku ofisini bila kulifikiria: tarishi. Kwenye gazeti letu tarishi ni kijana anayepeleka bahasha na kuleta maandazi. Lakini tarishi wa enzi hizo alikuwa mtu wa miguu hasa. Kabla ya gari na waya wa simu kufika, barua za boma na za misheni zilisafiri mikononi mwa watu, kituo hadi kituo, mmoja akichoka anampokeza mwenzake. Mvua, chui, mto uliojaa, yote hayo yalikuwa ni shida ya tarishi, siyo ya aliyeandika barua. Tarishi huyo huyo, au mwenzake, ndiye aliyeleta kijijini habari za kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho, na mahali jasho lilipohitajika sana ni barabarani. Waingereza walipochukua nchi utaratibu huo haukufa. Mtu aliyeshindwa kodi aliweza kutakiwa kufanya kazi za serikali, na kazi za serikali zilimaanisha kuchimba barabara, kuvunja mawe, kufyeka.

Mzee aliniambia barabara ya gari inayopita juu ya kijiji chetu, ile ambayo mimi naipenda kwa sababu ina tambarare kidogo ya kupumzisha magoti, baba yake aliichimba. Hakuajiriwa. Alidaiwa. "Kila ukipita pale pa tambarare," akasema, "ujue unapita juu ya deni la baba."

Ndugu zangu, kesho yake nilipofika pale nilitembea.

Kati ya Wajerumani na Waingereza kuna vita, na sitaki kuipita haraka. Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland na kuiteka Langenburg Mpya. Kwenye vitabu vya historia ya vita ni sentensi moja. Lakini jeshi lile lilikula, na chakula chake, risasi zake, mahema yake na majeruhi wake vilibebwa na watu. Wapagazi wa vita kule Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga. Watu wa pande zetu nao walibebeshwa, kwanza na Wajerumani, halafu na Waingereza, kwenye njia zile zile. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao katika kampeni ya Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaamini waliokufa ni wengi zaidi ya hao. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Yaani waliuawa na safari yenyewe. Dar es Salaam tuna sanamu ya askari, kila mtu anaijua, ameinama na bunduki yake. Ukienda karibu usome maandishi utakuta wapagazi nao wametajwa. Lakini aliyesimamishwa pale juu ni mwenye bunduki.

Baada ya vita njia zikaanza kuwatoa vijana nje. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliwavuta maelfu, na wa kwetu walikwenda kwa miguu, siku kadhaa, wakivuka milima kuelekea Mbeya na kuteremka upande wa pili kwenye joto. Wengine walikwenda mbali zaidi, kwenye shaba ya Zambia ya leo na migodi ya Afrika Kusini. Walioondoka waliondoka kwa njia ndogo, alfajiri, kwa sababu kodi ilikuwa inadaiwa na malafyale alikuwa ameagizwa kuhesabu watu. Mzee anasema mjomba wake alitoroka hivyo na kurudi baada ya miaka kumi na moja, ana koti, saa ya mfukoni na kifua kibovu.

Sasa nije kwenye mbio tunazozikumbuka sote. Ninyi mliosoma shule ya msingi ya serikali, inueni mikono: mchakamchaka! Saa moja kasoro, ubaridi, miguu mitupu, kiranja mbele anaanzisha wimbo na sisi tunaitikia kwa hatua. Nyimbo zenyewe nyingi zilitoka jeshini na kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, tukimwimbia Idi Amin mambo ambayo sitayarudia hapa. Jambo la ajabu ni kwamba mimi nilizaliwa Amin akiwa ameshakimbilia Saudi Arabia zamani, na bado nilikuwa namkimbiza kila asubuhi kuzunguka uwanja wa shule.

Mchakamchaka haukutoka hewani. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na mwaka 1966 serikali ilipotaka wasomi wote walipitie, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu, na Mwalimu akawafukuza karibu 400. Walioingia kambini walikimbizwa, wakaimbishwa, wakatoka kuwa walimu na mabwana shamba, wakaleta mtindo ule vijijini. Elimu ya msingi ilipokuja kuwa ya lazima katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, mchakamchaka ukawafikia watoto mpaka kwenye vilima vya Ikuti. Kwa mara ya kwanza watu walikimbia njia hizi bila kubeba kitu. Au tuseme walibeba taifa. Sijui lina kilo ngapi.

Mwenge wa Uhuru nao ulipita. Uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na tangu miaka hiyo ya sitini umekuwa ukikimbizwa nchi nzima, ingawa mnajua kama mimi kwamba siku hizi sehemu kubwa ya kukimbiza huko hufanyika kwa magari. Mzee anakumbuka mwaka mmoja walipoambiwa watengeneze njia kabla Mwenge haujafika. Wakalima majani, wakafukia mashimo, wakapaka mawe chokaa. "Ilikuwa njia nzuri sana," akasema, "kwa wiki mbili."

Kisha kuna mbio nyingine ambazo hakuna anayezitungia wimbo: mbio za kodi ya maendeleo. Wadogo zangu mliozaliwa juzi hamzijui, maana kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Lakini kwa miaka ishirini hivi kabla ya hapo mwanaume asiyekuwa na stakabadhi alikuwa mwanariadha. Mgambo wanatokea sokoni, filimbi inalia, wanaume wanapotea migombani. Nilikuwa mtoto, nilimwona mtu mzima, baba wa rafiki yangu, anaruka mto wetu pale ambapo mpaka leo sijaweza kuuruka. Tulicheka sana sisi watoto. Yeye hakucheka, na mwanawe pia hakucheka.

Watu huniuliza kwa nini Rungwe, yenye vilima na hewa namna ile, haijatoa mwanariadha mkubwa. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974, ni wa Karatu. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa amefungwa bendeji mguuni, ni wa Mbulu. Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sehemu tatu za mia ya sekunde, ni wa Singida. Mimi sina jibu la kitaalamu. Naangalia Iten ya Kenya tu. Ni mji mdogo wa mlimani wenye barabara za udongo mwekundu, na kuna shule moja, St Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 na kuanza kufundisha wakimbiaji. Leo watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kwenda kukimbia kwenye udongo ule. Udongo tunao sisi pia. Tena mwingi, unang'ang'ania viatu.

Lakini hilo siyo lililonifanya niandike.

Siku ya nne ya likizo nilijiamini, nikaamua kwenda mbali. Niliunga njia ya utotoni mwangu, ile tuliyokuwa tunapita kwenda kwa shangazi na pia shuleni tukichelewa, inakata bonde moja kwa moja badala ya kuzunguka na barabara ya gari. Nikateremka vizuri. Chini kabisa, kwenye kona, nikasimama ghafla. Seng'enge. Nyuzi nne, nguzo mpya, na ndani yake miparachichi midogo imepangwa mistari. Njia inaingia chini ya waya, unaiona kabisa inaendelea upande wa pili, kisha inapotea kwenye tuta.

Nikarudi, nikazunguka na barabara. Simu yangu ikaniambia nimeongeza kilomita mbili na nusu. Kwangu mimi ni mazoezi, nikajivunia. Kisha njiani nikakutana na mama mmoja ana ndoo ya viazi mviringo kichwani, anaelekea sokoni, naye anazunguka.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na parachichi. Zimeleta pesa Rungwe, zimeezeka nyumba bati na kusomesha watoto, na mwenye shamba ana haki ya kulinda miche yake dhidi ya ng'ombe na vijana kama nilivyokuwa mimi. Kipande kile kiliuzwa kihalali, kwa kadiri nilivyoelezwa. Ninachouliza ni hiki: njia nayo iliuzwa? Nani alikuwa mwenye njia mpaka akaiuza? Aliyeuza aliuza ardhi ya babu yake, sawa. Lakini njia ilichorwa na watoto wenye njaa, na matarishi, na watoro wa kodi, na mchakamchaka. Ni vizazi vinne vya nyayo. Kwenye karatasi ya mauziano hazipo.

Rafiki yangu wa Uingereza nilipomweleza akanipa hadithi ambayo sikuijua. Nilidhani Waingereza wanapita kwenye mashamba ya watu kwa sababu ni wastaarabu. Kumbe walipigania. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, waliingia kwa makusudi mlima Kinder Scout uliokuwa umefungwa na mabwana wenye ardhi ili wawinde ndege. Walinzi wakawakabili, watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikaja sheria iliyolazimisha mabaraza ya kaunti kupima njia za umma na kuzichora kwenye ramani. Na huko, umma ukipita mahali miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa, kwa kawaida panahesabiwa kuwa njia yao, hata shamba liwe la nani.

Miaka ishirini! Njia ya kwa shangazi ina miaka mingapi?

Usidhani sisi hatuna sheria. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma. Pacha wake, Namba 5, ya ardhi ya vijiji, imeipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake na kuweka Baraza la Ardhi la Kijiji la kusuluhisha watu. Kwa hiyo mlango upo. Tatizo ni kwamba mtu anapokwenda barazani anaulizwa ushahidi, na njia ya miguu ushahidi wake ni miguu. Huku kwetu ni vibaya zaidi kuliko mikoa kama Dodoma, ambako Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini iliwapanga watu upya kwenye mistari. Rungwe watu walikuwa wamebanana tayari, wengi wakabaki walipokuwa, na njia zao zikabaki zimepinda vile vile. Hakuna mpimaji aliyekuja kuzichora. Kila aliyezijua alizijua kwa kuzipita.

Nikamuuliza mzee kwa nini hawajalipeleka jambo hilo kijijini. Akasema wamelipeleka. Wameambiwa barabara ya gari ipo, kwa nini wanataka kupita shambani kwa mtu. "Waliosema hivyo," akaongeza taratibu, "wana pikipiki."

Nikamwambia nitaandika. Akauliza nitaandika wapi, nikamweleza. Akafikiri kidogo. Akaniuliza kama nikiandika hiyo njia itakuwa kwenye ramani. Sikutaka kumdanganya. Lakini nilimwonyesha simu yangu, jinsi inavyochora mstari kila ninapokimbia, na tarehe, na saa. Akaishika akaisogeza karibu na moto, akatazama mstari wangu wa buluu unavyoteremka bondeni na kukatika ghafla pale penye waya. Aliutazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hiki kinakumbuka," akasema.

Kinakumbuka, tata. Na kijiji chenyewe kinaweza kufanya hivyo. Vijana wana simu. Watembee njia zote asubuhi moja, wazee wakiwa mbele wanaonyesha, halafu orodha na michoro ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji, iandikwe kwenye muhtasari na kupigwa muhuri. Huo unakuwa ushahidi kabla kipande kingine hakijauzwa. Ndugu yangu mmoja mwalimu ameahidi kulisimamia, na nitawaeleza hapa litakapofikia.

Asubuhi ya mwisho, kabla sijapanda gari la Mbeya, nilitoka tena na raba zangu. Mzee alikuwa amesimama pale pale juu ya kilima, koti lile lile, safari hii hana jembe. Ana kifuko cha nailoni kimefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Ndani mna dawa za presha za dada yake, anakaa ng'ambo ya bonde, jirani na kwa shangazi. Mjukuu aliyekuwa azipeleke ameamka na homa.

"Si unakimbia?" akasema. "Mpelekee basi. Umwambie ameze kimoja asubuhi, siyo viwili kama alivyozoea. Na ukifika uanze kumwambia hakuna aliyekufa."

Nikakitia kifuko mfukoni nikateremka. Penye seng'enge nikageuka, nikazunguka na barabara, kilomita mbili na nusu za ziada. Bibi aliniona kwa mbali napanda mbio kuelekea kwake. Akaacha ufagio, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nikapaza sauti kabla sijafika.